Mama Samaki Aliyekonda, na Bwawa Lililotaka Kutugombanisha

Mama wapenzi, baada ya mkutano wetu wa Alhamisi wengine wenu mlinishika mkono njiani mkaniuliza: mwalimu, ni kweli samaki wa darasani ndiye aliyemaliza maneno ya bwawa? Nilicheka tu, kwa sababu jibu lake ni refu na mvua ilikuwa inakuja. Nimeahidi kuliandika, basi ndilo hili.

Jambo lilianzia kwenye sanduku la kioo. Shemeji yangu aliwahi kufanya kazi ng'ambo ya Ruzizi, Bujumbura, kwa watu wanaotuma samaki wa mapambo Ulaya. Kazi ilipoisha alirudi nyumbani na sanduku moja lililokuwa limepasuka kona, urefu wake mita moja, linaloingia maji kama lita 160. Akaliziba kwa gundi ya vioo, akaniambia, "Mwalimu, wafundishie watoto." Mimi nafundisha darasa la 5 hapa Bwegera, na somo la wanyama wa majini tulikuwa tunalifanya kwa kuchora ubaoni tu. Watoto walifurahi kupita kiasi. Ndani ya siku mbili walileta tilapia sita wadogo kutoka mabwawa ya jirani, wakiwa ndani ya bidoni iliyokatwa juu.

Kwa wiki nne mambo yalikwenda vizuri. Wiki ya tano dume moja lilianza kuchimba shimo kwenye mchanga, likibeba kokoto kwa mdomo kama mtu anayechimba msingi wa nyumba, na kuwafukuza wengine wote. Siku chache baadaye samaki mmoja, yule tuliyezoea kumwona anakuja wa kwanza chakula kikianguka, akaacha kula. Alisimama nyuma ya jiwe. Kila siku mgongo wake ulizidi kuisha, kichwa kikabaki kikubwa.

Ninyi nyote mmesimama kwenye mstari wa kituo cha afya mtoto akifungwa ule utepe wa rangi tatu mkononi. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, na mama anajua siku hiyo hatarudi nyumbani na moyo mwepesi. Samaki hana mkono wa kufunga utepe, lakini anapimwa pia kwa macho. Mtazame kutoka juu, nyuma tu ya kichwa. Aliyeshiba, nyama ya mgongo inaanza pale pale kichwa kinapoishia na kwenda sawa. Aliyekonda, kuna kama hatua ya kushuka, na mgongo unakuwa mwembamba kama makali ya panga. Ukimtazama kwa ubavu, tumbo limeingia ndani. Samaki wangu alikuwa hivyo kabisa. Kwenye utepe ningesema ni nyekundu.

Mimi nikafanya kile ambacho mama yeyote angefanya. Nikamwongezea chakula. Bugali kidogo asubuhi, unga wa ndagala mchana, bugali tena kabla ya kufunga darasa. Yeye hakula. Wenzake walikula mpaka wakachoka, na kilichobaki kikaenda chini ya mawe. Siku ya tatu maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Siku ya nne nilipofungua mlango saa moja asubuhi nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Samaki wawili walikuwa wamekufa, na wengine walikuwa juu kabisa wanafungua na kufunga midomo, wakitafuta hewa. Niliwaua mimi, kwa huruma yangu.

Nilikuwa natoa maji kwa beseni, nimekasirika, nimeshaamua yule mgonjwa nimtoe asije akawaambukiza wengine. Ndipo msichana mmoja anayekaa karibu na dirisha, ambaye hasemi sana, akapiga kelele: "Mwalimu, iko na batoto mu kinwa!"

Alikuwa amesema kweli. Kidevu cha samaki kilikuwa kimevimba, na alipofungua mdomo kidogo tuliona vitu vidogo vya rangi ya manjano vikizunguka ndani. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mzazi.

Tilapia tuliye naye mabwawani huku, yule wa Nile, jike lake likitaga mayai, dume linayatia mbegu, kisha jike huyaokota yote kwa mdomo dakika hiyo hiyo, na kuanzia hapo mama anayatunza kinywani. Mayai yanaanguliwa baada ya siku chache tu, lakini vifaranga vinabaki mle mdomoni mpaka vimalize kiini vilichozaliwa nacho, na yote kwa pamoja huchukua karibu wiki mbili. Muda huo wote mama hali. Ale vipi, na mdomo umejaa watoto mia na zaidi? Anakonda kwa sababu anajinyima. Chakula chochote nilichotupa hakikuwa chake, kilikuwa sumu ya maji yake.

Baada ya siku nane hivi, darasa zima likiwa limekaa kimya kama siku ya mtihani, aliwatoa. Walitoka kama moshi mdogo. Mtoto mmoja aligonga kioo kwa kidole, na wote wakarudi mdomoni mwa mama kwa nukta moja. Sijawahi kufundisha somo lililoingia vichwani haraka kama lile.

Kumrudishia mwili samaki wa namna hii hakuhitaji vitu vya duka, kunahitaji subira. Tulimpa kidogo mara tatu kwa siku, kiasi ambacho kinaisha wakati mtu anahesabu polepole mpaka mia moja au mia mbili. Kikibaki, kesho unapunguza. Ndagala waliokauka na kusagwa vizuri, kipande kidogo cha kiini cha yai lililochemshwa mara moja kwa wiki, na ule ukijani unaoota kwenye ukuta wa pipa la maji ya mvua, ambao tilapia anaupenda kuliko bugali. Bugali inashibisha tu, haijengi mwili, sawasawa na kwa mtoto. Kila Jumamosi tulitoa theluthi moja ya maji na kuweka mengine yaliyokaa ndani ya darasa usiku kucha ili yawe na joto lile lile. Wiki ya tatu mgongo ulikuwa umejaa.

Nongeza neno moja kuhusu maji, kwa sababu linatuhusu sisi wa bonde hili. Wakati wa kipindupindu wanatutilia klorini kwenye bidoni pale tunapochota, na ni vizuri, tusikatae kamwe. Maji hayo ni ya kunywa watu. Ukimwagia samaki siku hiyo hiyo, matamvua yake yanaungua. Yaache kwenye beseni wazi siku moja au mbili, juani, ndipo umpe.

Shemeji alipokuja kutazama nilimweleza yote, naye akacheka mpaka akakaa chini. Akasema kwamba hata wazungu wanaolipa dola nyingi kwa samaki wa ziwa letu huwaua kwa namna hiyo hiyo. Tanganyika ina aina zaidi ya mia mbili za samaki wa jamaa ya tilapia, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Biashara ya kuwauza wakiwa hai ilikuzwa sana na Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, aliyekaa Bujumbura na kuandika kitabu kikubwa juu ya samaki wa ziwa hili mwaka 1978. Mmoja wa wanaopendwa ni mweusi mdogo mwenye madoadoa meupe kama nyota akiwa mtoto. Akikua madoa yanapotea, uso unakuwa wa bluu na kiunoni anavaa mshipi mweupe au wa manjano. Aliyemwandika kwa mara ya kwanza kwa jina la kisayansi, Tropheus duboisi, ni Georges Marlier, mtafiti wa kituo cha Uvira, mwaka 1959. Hebu fikirini: samaki wa kando ya ziwa letu, jina lake limetoka Uvira, na sisi watoto wetu hawajawahi kumwona.

Huyo samaki na ndugu zake wanakwangua utelezi wa kijani juu ya mawe kutwa nzima. Utumbo wao ni mrefu sana, umejikunja mara nyingi, kwa sababu majani yanahitaji njia ndefu ili yasagike. Mtu wa Ulaya akimwona ni mwembamba anamhurumia, anampa vipande vya nyama. Tumbo linavimba, na baada ya siku chache amekufa. Shemeji alisema huko kazini walikuwa wanarudia neno moja kila siku: angalia kwanza huyu anakula nini kwao. Halafu jambo jingine lililonigusa. Watafiti wawili Wajapani, Yanagisawa na Sato, waliandika mwaka 1990 kwamba mama wa aina hii, ingawa anabeba watoto kinywani karibu mwezi mzima, yeye anaendelea kukwangua mawe, na kile anachokwangua kinawalisha watoto wale waliomo mdomoni. Ana watoto wachache, kwa kawaida hawafiki 20. Tilapia wetu ana mamia, anafunga kula. Kila mama na njia yake.

Sasa tuje kwenye bwawa.

Mnajua kikundi chetu cha mama 14 tulichimba bwawa la mita 20 kwa 10, kule chini karibu na mfereji wa mashamba ya mpunga. Wengi wenu mlipita mkatuona na majembe. Tulinunua vifaranga 400, wawili kwa kila mita ya mraba, kama tulivyoelekezwa. Kila wiki kila mmoja alitoa mchango wa kununua pumba kwenye mashini ya kukoboa mpunga, na mama mmoja, mjane, alichaguliwa kutunza feza na kununua. Tulijihesabia kwamba mwezi wa saba tutauza, na kila mama atapata kitu cha kulipia minerval ya watoto.

Mwezi wa saba ulipofika tukavuta wavu kuonja. Lo! Samaki wa vidole. Vichwa vikubwa, migongo kama visu. Wachache sana walijaza kiganja. Tulisimama pale kwenye ukingo kimya, halafu maneno yakaanza. Kwanza chinichini, halafu kwa sauti. Pumba ilikuwa inakwenda wapi? Nani aliwahi kumwona akinunua magunia yote mawili? Mbona kuku wake wamenona? Sitaandika yote yaliyosemwa, kwa sababu waliosema ni dada zangu na wanasoma karatasi hii. Yule mama hakujibu neno. Alikwenda nyumbani, akarudi na daftari lake, akaliweka juu ya majani, akaondoka. Wiki iliyofuata hakuja mkutanoni. Ilipendekezwa atolewe na arudishe feza.

Usiku ule nilikaa na taa nikasahihisha madaftari ya watoto, na moja lilikuwa na mchoro wa samaki wetu wa darasani, kichwa kikubwa, mgongo mwembamba, na chini yake mtoto ameandika: "Amekonda sababu ya watoto." Nikaweka kalamu chini.

Kesho yake niliwaomba akina mama jambo moja tu: kabla ya kumhukumu mtu, tukaushe bwawa tuhesabu. Wengine walikasirika, kukausha ni kazi. Lakini tulikata ukingo upande wa chini alfajiri, tukaweka vikapu, na saa nne maji yalikuwa yameisha. Ndipo tulipoona. Matope yalikuwa yanachemka samaki. Beseni la kwanza lilikuwa na kilo 8, tukalihesabu mmoja mmoja: 400 kamili. Yaani lile beseni moja tu lilikuwa na samaki wengi kama wote tuliowaweka! Na mabeseni yakaendelea kuja. Mwisho tulipima kilo 64. Kwa gramu 20 kila mmoja, ni samaki karibu 3,200.

Nilichora hesabu kwenye udongo kwa kijiti, kama mwalimu alivyo. Tuliweka 400. Tuseme 60 walikufa au waliliwa na ndege, wakabaki 340. Tulitumaini kila mmoja afikie gramu 200. Hizo zingekuwa kilo 68. Tumepata kilo 64. Basi ile pumba iko wapi? Iko hapa, ndani ya mabeseni. Imeliwa na midomo 3,200 badala ya midomo 340. Kama ingekuwa imeibwa, bwawa zima lingekuwa jepesi, si samaki mmoja mmoja tu. Mama mmoja mzee, ambaye alikuwa amesema maneno makali kuliko wote, aliangalia zile alama kwenye udongo kwa muda mrefu. Halafu akafunga kitenge chake vizuri akapanda njia ya kwenda kwa yule mjane, bila kumwambia mtu.

Kilichotupata si kigeni. Tilapia akiwa na miezi mitatu au minne, hata kama ana gramu 40 tu, tayari anaweza kuzaa, na akizaa leo anarudia baada ya wiki chache. Majike yanakonda kwa kubeba, watoto wanajaa, chakula kinagawanyika, wote wanakuwa wazee wadogo. Wakati wa Wabelgiji, baada ya vita vya pili, walifundisha ufugaji huu kuanzia kituo cha Kipopo karibu na Lubumbashi, na familia za Kongo nzima zikachimba makumi ya maelfu ya mabwawa. Mengi yaliachwa baadaye, na sababu moja kubwa ilikuwa hii hii: samaki wa vidole. Wazee wetu walidhani maji yamelogwa. Sisi tulidhani mjane ni mwizi.

Mzunguko wa pili tulianza hivi. Wale wadogo tuliwauza kwa kilo, wengine tukawakausha. Mtoto mdogo anafaidika na samaki huyo akisagwa na mifupa yake kwenye uji au sombe. Tukabakiza wale wazuri, na kati yao tukatafuta madume, kwa sababu dume halibebi watoto, linakula na kukua. Samaki akiwa na urefu wa kiganja unaweza kumtambua. Mgeuze tumbo juu, tazama karibu na pezi la chini la nyuma. Dume lina matundu mawili, jike lina matatu, na lile la katikati ni mkato mdogo wa kulala. Mwanzoni sote tulikosea. Kati yetu kuna mama anayechagua mawe kwenye mchele wa sokoni, yeye alizoea ndani ya saa moja, na tangu hapo tukamwachia kazi yeye. Hata hivyo majike kadhaa wamepita, hilo hatuwezi kulikwepa, kwa hiyo tilapia walipokuwa wakubwa kidogo tukaweka kambale wadogo 20. Hao wanakula vifaranga vinavyozaliwa. Wasiwekwe wakubwa kuliko tilapia, la sivyo mtakuwa mnafuga kambale peke yake.

Chakula cha kwanza cha tilapia si pumba, ni maji yenyewe. Yawe ya kijani. Tumejenga uzio wa vijiti kwenye kona mbili za bwawa, mle tunatupa majani mabichi, samadi ya mbuzi na ya kuku, majivu kidogo, na kila wiki mtu anakoroga. (Choo cha watu hapana. Msinilazimishe kueleza.) Kupima ni rahisi: piga magoti ukingoni, ingiza mkono majini polepole, kiganja kikiwa wazi, mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa karibu na kiwiko, samaki wana chakula. Ukiona vidole vyako vizuri mpaka mwisho, maji ni maskini, ongeza samadi. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono tu, mmezidisha, acheni kuweka kwa wiki nzima na mfungulie maji mapya.

Kuzidisha ni hatari kweli, na ni kosa lile lile nililolifanya darasani. Ule ukijani mchana unatoa hewa ndani ya maji, lakini usiku wenyewe unaivuta. Alfajiri ndipo hewa inakuwa kidogo kabisa. Ukiwaona samaki asubuhi na mapema wako juu wanahema, usiwape chakula ukidhani wana njaa. Fungua maji. Ndiyo maana sisi tunalisha saa nne asubuhi na saa tisa mchana, siyo kabla ya jua kupanda. Tunatupa mahali pamoja kila siku, karibu na jiwe letu, ili tuone wanavyokuja. Siku wasipokuja, kuna kitu.

Kiasi tunapima. Samaki 300 wakiwa na gramu 50 kila mmoja ni kilo 15; kwa sehemu nne katika mia, ni gramu 600 za pumba kwa siku, nusu asubuhi na nusu mchana. Wakikua sehemu inapungua, tatu katika mia inatosha. Kwenye pumba tunachanganya kidogo unga wa ndagala waliovunjika, wale wa bei ndogo kutoka Uvira, na kumbikumbi wakati wao ukifika, kama watoto hawajawamaliza kwanza. Majani ya viazi vitamu wanayala pia.

Kuna wengine mlioniuliza juu ya samaki mmoja tu aliyekonda wakati wenzake wote wamenona. Kama si mama anayebeba, angalia kama anasukumwa. Wakubwa wanakula kwanza, mdogo anapata kilichosagika. Darasani tuliweka chungu kilichovunjika ili mnyonge apate pa kujificha, na tukaanza kutupa chakula pande mbili kwa wakati mmoja. Hiyo peke yake ilisaidia. Lakini samaki anayekula vizuri na bado anakonda, mapezi ameyabana mwilini, na kinyesi chake ni cheupe kirefu kama uzi, huyo ana wadudu tumboni. Mtenge kwenye beseni lake. Tafadhali msimtilie vidonge vya kuhara vya watoto vinavyouzwa sokoni. Hakuna anayejua kipimo, na wewe maji yale utayamwaga wapi? Kama ni wa bwawani, mtoe kabisa. Na mtu aliyeingia bwawani asisahau kunawa na kukausha miguu, nyasi za ukingoni zikatwe fupi, kwa sababu konokono wa kichocho wanapenda pale.

Juzi, mwezi wa nne wa mzunguko huu, tulivuta wavu kuonja tena. Tulipima samaki 30: kilo 3 na gramu 900, yaani gramu 130 kila mmoja. Mgongo umejaa mpaka nyuma ya kichwa. Bado hatujauza, na mvua kubwa inaweza kuvunja ukingo wakati wowote, sote tumeona mito ya huku inavyofanya. Kwa hiyo minerval sijaihesabu.

Yule mama amerudi kwenye kazi yake ya kutunza feza. Alikubali kwa sharti moja, na aliliandika mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya: kila gunia la pumba lipokelewe na mama wawili, na wote wawili waweke dole. Gunia la juzi nililipokea mimi pamoja na yule mama mzee. Alibonyeza dole lake kwa nguvu mpaka wino ukapita ukurasa wa pili.

Darasani mama samaki ameacha kula tena tangu Jumatatu. Safari hii watoto wameandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya kioo: "Musimupe chakula. Anabeba."